Waziri Hajui Kuimba

Kwa miaka tisa, mama mmoja mwenye sauti nzito aliigiza sauti ya waziri mla rushwa katika katuni ya runinga ya watu wazima, hadi majirani wakamwita Waziri. Katuni ilipogeuzwa filamu ya nyimbo, alimwendea mwongozaji kuaga.

"Mwanangu, mimi nikiimba, hata mume wangu hukumbuka ana safari."

"Jaribu ubeti mmoja tu, mama."

Akaimba ule wa waziri kuahidi maji. Sauti ilikwenda kombo tangu neno la kwanza. Mpiga kinanda akaacha kupiga. Mama akachukua mkoba wake.

"Kaa, mama," mwongozaji akasema. "Nimesikiliza waimbaji kumi na wawili. Waliahidi vizuri mno, nikakaribia kuwapigia kura."

Mama akarekodi nyimbo zote sita. Siku ya uzinduzi wa filamu ukumbi mzima ulimzomea waziri kwenye skrini. Mama, safu ya nyuma, akazomea nao.