Mdogo Wangu Anapiga Simu Chuoni

Binti wa jirani alikuwa amerudi kwa ruhusa ya wiki mbili kutoka chuo cha mifugo kule Hanang, akapita kwetu kunisalimia kabla hata hajabadilisha nguo za safari. Nilikuwa napalilia maharage. Aliniamkia, akaulizia watu wa nyumbani, akaulizia mifugo, kisha akasema kwa furaha kabisa kwamba kaka yetu anawachekesha sana darasani, hata Ijumaa iliyopita madam alishindwa kuendelea na somo.

Nikamuuliza kaka yupi.

"Afande," akasema. "Si huyu wa kwako, dada."

Nikaegemea jembe. Mdogo wangu ni mwanajeshi. Wakati ule alikuwa ng'ambo na kikosi cha kulinda amani, katika nchi ya mawe na mizeituni ambako vita vilikuwa vimewaka upya. Tangu viwake, mimi dada yake nilikuwa napata kwake ujumbe mmoja wa maandishi kila Jumapili: Niko salama dada, usiwe na wasiwasi. Maneno yalikuwa yale yale, kama vile ameyahifadhi kwenye simu na kazi yake ni kubonyeza tu. Na sasa binti huyu ananiambia kwamba kila Ijumaa alasiri mdogo wangu anapiga simu kwenye chuo alichosoma, simu inaunganishwa na spika, na darasa zima linamsikia akiongea na kucheka.

Sikumwonyesha kitu. Nilimpa maziwa, akanywa, akaenda kwao. Lakini mstari uliobaki niliupalilia vibaya, nikang'oa na maharage yenyewe.

Kwetu ni Tlawi, juu kwenye baridi. Mama alitangulia, baba akamfuata, na mimi nilikuwa darasa la sita. Hakuna aliyenikataza shule. Asubuhi moja ng'ombe alikuwa hajakamuliwa, mdogo wetu wa mwisho analia, na nikaona nikienda shule nitarudi nikute shida zile zile zimeongezeka. Sikwenda. Kesho yake pia sikwenda. Huyu anayenifuata, afande wa leo, nilimsindikiza hadi njia panda mpaka akamaliza masomo, siku nyingine kwa fimbo mkononi. Aliniita Mkuu wa Kambi hata kabla hajajua kambi ni nini. Alipopata nafasi chuo cha mifugo nilifurahi kuliko yeye. Alipomaliza akajiunga na jeshi, nikajifunza kufurahia na hilo.

Miezi ya kwanza huko ng'ambo alikuwa ananipigia. Nilikuwa napanda mlimani nyuma ya nyumba, mahali mtandao unapokamata, na tunaongea mpaka bando lake linakatika. Kisha vita vikaanza tena. Nilisikia kwenye redio kwamba makombora yanaanguka karibu na kambi za walinda amani. Alipopiga, nilimuuliza. Je, yanaanguka karibu na kwako? Umeumia? Wenzako wote wapo? Unalala? Unaota nini? Kila nilivyouliza, majibu yalipungua. Mwisho simu zikakoma, yakabaki yale maandishi ya Jumapili.

Kijiji cha jirani kuna mzee aliyekuwa askari zamani. Alirudi vitani akiwa na mikono yote na miguu yote, lakini tangu arudi hakuongea tena na mkewe isipokuwa kuomba chakula. Hilo ndilo nililoliogopa. Risasi niliziogopa pia, ila risasi sikuwa na uwezo nazo. Nilichotaka ni kaka wa watoto wangu, maana wadogo zangu ni watoto wangu, arudi akiwa bado anaongea na sisi.

Kwa hiyo niliposikia kwamba sauti yake ipo, ila inakwenda mahali pengine, niliamua kwenda huko huko.

Sababu ya kwenda nilikuwa nayo. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Unaweka mmoja kwa rafiki wa huku, mwingine kwa rafiki wa kule. Ugonjwa ukiingia kwako, hubaki mikono mitupu. Anayekufugia anakunywa maziwa, na nyumba mbili zinakuwa za ndugu. Mdogo wangu alikuwa na mtamba mmoja tu, na kabla ya kuondoka alimpeleka Gehandu, kilipo chuo, kwa mwalimu wake. Nilikasirika. Nilimwambia ukoo upo, kwa nini ampeleke kwa watu wa vyeti? Alinijibu kwamba kwa mwalimu atapata sababu ya kupiga simu. Nilidhani ni utani wake wa kawaida.

Nilifungasha kikapu cha vitunguu swaumu, nikashuka Mbulu alfajiri, nikabadilisha gari Dongobesh. Kutoka Katesh nilichukua bodaboda. Ilikuwa Ijumaa, na Mlima Hanang ulikuwa umefunikwa na wingu nusu yake ya juu.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Katesh, wa familia ya wenye maduka, na ushungi wake ulikuwa na vumbi la chokaa ya zizini. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akapokea kikapu, akakinusa akafunga macho. Alisema vitunguu vya Mbulu vinanukia hata kabla mtu hajafungua mlango.

Sasa, ukienda mahali ng'ombe wako alipo, huulizi ng'ombe. Ukiuliza, ni kama umesema mwenzako ni mwizi. Unauliza watoto, mvua, mahindi, ukuta ulioanguka masika yaliyopita. Mwenyewe akiwa tayari atakuambia, au atakupitisha zizini kama vile mnatafuta njia ya kwenda chooni. Baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, na niliona huyu mama wa mjini naye ameshajifunza, maana alinipa chai ya maziwa na maandazi na tukaongea habari za mvua kwa utulivu kabisa. Mimi nilikuwa nimebeba maswali mawili, la ng'ombe na la mtu, na yote mawili niliyakalia.

Tulipomaliza chai akasema, "Mwenye ng'ombe atapiga saa tisa. Karibu darasani, dada. Utakaa nyuma."

Nilimwomba asimwambie kwamba nipo. Aliniangalia kidogo, akakubali.

Sikuwa nimekaa kwenye dawati tangu darasa la sita. Wanafunzi waliniamkia mmoja mmoja, wengi wao vijana wa rika la mdogo wetu wa mwisho. Simu ya mwalimu ilikuwa mezani, imeunganishwa na spika ndogo. Ilipoita, darasa likanyamaza, na sauti ya mdogo wangu ikajaa chumbani.

"Shikamoo madam. Hamjambo wanachuo?"

Kijana mmoja wa mbele akauliza, "Afande, leo mmekula nini?"

"Mkate. Kesho mkate. Keshokutwa siwezi kukuambia, ni siri ya jeshi."

Walicheka wote. Mimi nilishika ukingo wa dawati. Alikuwa yeye kabisa, na ule uvutaji wake wa maneno wa kwetu, ambao wenzake wa jeshini walikuwa wakiuigiza.

Kisha akaanza kueleza. Watu wa vijiji vilivyozunguka kambi yao walikuwa wamekimbia mabomu na kuacha mifugo. Mbuzi wenye maziwa walibaki bila wa kuwakamua. Aliwasikia wakilia kutoka kwenye lindo lake, siku ya kwanza, siku ya pili, na wenzake wakadhani ni njaa. Yeye alijua ni viwele vilivyojaa. Walipopata ruhusa ya kutoka, yeye na mwenzake mmoja wa Singida waliwakamua chini, kwenye udongo, maana hakukuwa na ndoo. Wengine maziwa yalitoka vizuri. Wengine yalitoka na mabonge, kiwele kimevimba na kina joto. Dawa ya mifugo hakuna. Swali lake kwa darasa lilikuwa, wangefanya nini?

Darasa likawaka. Mmoja akasema chumvi. Mwenzake akamuuliza kama anataka kumtibu mbuzi au kumpika. Msichana mmoja akasema wamkamue mara nyingi kuliko kawaida, mpaka mabonge yaishe, na wamkande kwa kitambaa cha maji ya moto. Mwalimu akauliza, ya moto kiasi gani? Msichana akajibu, ya kuvumilika na mkono wa mtu. Mdogo wangu akasema hilo ameliandika, na kwamba yule wa chumvi atamwombea nafasi ya mpishi kambini.

Baadaye akaanza kuuliza yeye. Mpishi wa chuo bado anaunguza makande? Goti la mlinzi limepona? Hori la maji karibu na geti bado linavuja? Mlima leo una wingu au uko wazi? Mwalimu alijibu moja baada ya jingine bila haraka. Mwisho, bila kuulizwa, akasema, "Na mtamba amepandwa, ameshika mimba."

"Asante, madam," akasema, na nikasikia anavyovuta pumzi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa nakwenda kwa mdogo wangu kila Jumapili na kusimama mlangoni nikidai ng'ombe.

Mwalimu alininyooshea simu kutoka mbele. Nikatikisa kichwa.

Wanafunzi walipotoka alikaa kwenye dawati la mbele yangu, akageuka. Akaniuliza mbona sikutaka kuongea naye. Nilisema angenyamaza, maana nikimuuliza kama ameumia ananiandikia tu kila Jumapili kwamba yuko salama. Nikasema pia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba mimi ndiye niliyemlea na mimi ndiye hataki kuniambia kitu.

"Wewe ndiye hawezi kukuambia," alisema mwalimu. "Unamuuliza kama ameumia. Hilo swali kwa dada lina jibu moja tu, na amekujibu kila Jumapili."

"Na wewe humuulizi vita?"

"Namuuliza kila wiki. Namuuliza mbuzi."

Alinipitisha zizini. Mtamba alikuwa amenenepa, na hakunitambua kabisa. Nikalala kwa mwalimu, asubuhi nikarudi nyumbani.

Sikumtungia mdogo wangu uongo. Nyumbani tulikuwa na mbuzi jike aliyekuwa anachechemea kweli tangu mvua zichanganye tope na samadi mlangoni mwa banda. Kila siku nilikuwa nasema nitamshughulikia kesho. Jumapili nilimshika, nikamwinua mguu, nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti pale pale bandani, mbuzi analia na kuku wanapiga kelele. Nikamweleza kwato inanuka, katikati ya vidole pana kidonda, nimejaribu kuikata kwa kisu, sasa nifanye nini. Sikumuuliza kitu kingine. Ilibidi nipande mlimani ili ujumbe uende, na ulipokwenda nilibaki huko huko juu nimeshika simu.

Hakuandika. Alipiga.

"Umekata kwa kisu gani?" Hata salamu hakunipa.

"Cha jikoni."

"Mkuu wa Kambi. Umekata kwato kama unamenya kiazi?"

Nikamwambia mbuzi ni wangu na kiazi ni changu. Akacheka, kisha akanifundisha: nioshe kwa maji ya chumvi, nikate sehemu iliyooza tu nikisimama pale damu inapokaribia, nipake mrututu, ile dawa ya unga wa buluu, na mbuzi akae pakavu, la sivyo nitakuwa nafanya kazi bure. Akaniuliza banda linaelekea wapi siku hizi. Akaniuliza maharage. Nilimwambia maharage mengine niliyang'oa mwenyewe, sikumwambia kwa nini.

Nilisikia upepo wa kwake, au labda ulikuwa wa kwangu. Maneno yote ya zamani yalinijia mdomoni, nikayameza.

"Dada," akasema, "wale mbuzi wa huku, wenyewe hawajarudi."

"Nani anawakamua?"

"Sisi. Kwa zamu." Halafu akasema, "Yule wa Singida hayupo tena. Zamu yake naichukua mimi."

Nilikaa chini kwenye majani. Sikumuuliza hayupo vipi. Nilimuuliza mwenzake alikuwa anakamua kwa mkono gani, na mdogo wangu akasema wa kushoto, mbuzi mmoja mweusi alikuwa amemzoea hivyo na sasa anamsumbua yeye. Kutoka hapo aliendelea mwenyewe. Aliniambia siku ile ilivyokuwa tangu asubuhi. Aliongea muda mrefu na sehemu nyingine alisimama, nami nikasimama naye. Mahali fulani alilia, akapenga kamasi, akaendelea. Sitayaandika aliyoniambia, ni yake.

Alipomaliza sauti yake ilikuwa imechoka lakini ilikuwa karibu, kama mtu aliyekaa upande wa pili wa moto. Alisema Ijumaa atawapigia wanachuo, wana mtihani na yule wa chumvi anahitaji msaada. Jumapili atanipigia mimi.

"Nataka ripoti ya kwato," akasema. "Na uache kisu cha jikoni."

Niliteremka nikapitia kwa jirani kuomba kisu kidogo cha kukatia kwato. Binti yake alikuwa bado hajarudi chuoni, akajitolea kuja kunishikia mbuzi. Tukamlaza kwenye nyasi kavu, yeye akashika miguu, mimi nikachuchumaa na bakuli la maji ya chumvi, tukaanza.