Mashine Zilizokuwa Zikiamkia Wazee

Hiza Semboja alikuwa fundi wa kompyuta wa maduka yetu ya dawa za mifugo, na mtu aliyependa vitu vifanane kuliko yeye sijamwona. Mashati yake yote yalikuwa ya rangi moja. Chai ya ofisini, pale Old Korogwe, aliitaka kwenye kikombe kilekile, na mpishi akikosea, uso unakunjamana siku nzima. Mimi nilikuwa nashika redio ya mawasiliano chumba hichohicho, kwa hiyo nilipata nafasi nzuri ya kumchoka. Lakini nilimpenda, na nikimkumbuka sasa namwonea huruma.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeshajitoa kwenye kuogesha ng'ombe. Kila mfugaji ajinunulie dawa yake ya kupe, na wauzaji walizuka kila kona, wengine wakiuza maji yenye rangi. Ndipo wafugaji na wakulima wakaunda umoja wao na kufungua maduka, kuanzia Bungu kule milimani mpaka Kwaluguru, na mfadhili mmoja akatuletea kompyuta zilizokwisha kutumika huko kwao. Kila moja ilikuja na tabia yake: hii inaganda, hii inazimika, hii inaandika Kijerumani. Kazi ya Hiza ilikuwa kuzifanya zote ziwe kitu kimoja.

Njia yake ilikuwa hivi. Aliandaa mashine moja pale ofisini, akaiwekea bei, vipimo vya kuchanganyia dawa, kila kitu hadi picha ya ng'ombe kwenye skrini. Ikishamridhisha, aliinakili nzima ilivyo kwenye CD, na hiyo akaiita nakala mama. Ukiitia CD hiyo kwenye mashine ya duka lolote, ilifuta kila kilichokuwamo na kuiacha sawasawa na ile ya Korogwe. Dawa ikibadilika kipimo, anaandaa toleo jipya, anaanza upya duka kwa duka.

Shida ilikuwa mzee Koisaba Leboo, muuzaji wetu wa Kwaluguru. Ng'ombe aliwajua na watu walimwamini, lakini kompyuta aliifunika kitambaa na hakuigusa. Hiza alipomfuata kumuuliza, mzee akamjibu bila haraka.

"Mimi ni mtu mzima. Kitu hiki kimeletwa dukani kwangu, kila asubuhi nakikuta, hakinisalimu. Nianze mimi kukisemesha?"

Nilidhani Hiza atanuna. Badala yake alirudi akicheka, na kesho yake akamleta ofisini binti yake, Filomena, tuliyemwita Mena. Alikuwa mwanawe wa pekee, anasoma darasa la pili Korogwe na kuishi naye. Akamweka mbele ya maikrofoni, akamwambia amwamkie babu. Mimi nilikuwa nyuma ya Hiza namkonyeza mtoto. Mena akasema, "Shikamoo," akalivuta mwishoni, halafu akavuta pumzi akijizuia kucheka. Hiza alitaka arudie, ile pumzi haikumpendeza.

"We Msambaa," nikamwambia, "mwache mtoto apumue." Akaiacha.

Toleo lile likaenda maduka yote. Ukiwasha mashine, kabla ya lolote, Mena anakuamkia. Wazee wakaitika marahaba bila kujijua, wakaketi, wakafanya kazi. Kwaluguru kitambaa kikaondolewa, na mzee Koisaba akawa haishi kumsifu yule mtoto mwenye adabu, asijue ni wa nani. Mke wa Hiza, Catherine, aliyebaki Bungu kulima, akajizoesha kupita kwenye duka la kule asubuhi linapofunguliwa. Anasimama mlangoni, anamsikia mwanawe, kisha anakwenda shambani.

Masika yaliyofuata Mena akashikwa na homa, nayo haikumwachia. Tulimzika Bungu, mvua ikinyesha.

Hiza aliporudi kazini, aliketi, akawasha mashine, na mashine ikamwamkia. Akachomoa waya ukutani. Haukupita muda akatangaza toleo jipya. Alisema kipimo cha dawa fulani kimebadilika, na kweli kilikuwa kimebadilika, lakini sote tuliokuwa pale tulijua sababu. Toleo hilo halikuwa na sauti. Alizunguka maduka mwenyewe akifuta, akakusanya CD za zamani akazivunja, na mashine ya ofisini ndiyo aliyoanza nayo. Duka la Bungu alilifanya mwisho. Hakumuuliza Catherine.

Kwaluguru tu ndiko alikotuma CD kwa lori la mnadani, na mzee Koisaba akakaa nayo. Kila akiulizwa redioni, mara betri ya sola ni dhaifu, mara mkono unamuuma. Asubuhi moja Hiza akaninyang'anya maikrofoni ya redio, na maduka yote yakisikiliza, akamwambia mzee kwamba anaturudisha nyuma sote, na kwamba ng'ombe wa watu watakufa kwa ukaidi wake. Hayo si maneno ya kumwambia mtu wa umri ule. Mzee akajibu, "Nimesikia, baba."

Mchana wa siku ileile Catherine akaingia ofisini, viatu vimejaa udongo wa Bungu. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama mlangoni pa duka kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza mashine ikawaka bila kusema kitu.

"Baba Mena," akasema, "umempeleka wapi?"

Hiza akaanza kumweleza, kwa sauti yake ya kazini, habari za vipimo na toleo jipya.

"Mimi nilikuwa naye kila asubuhi," Catherine akasema. "Kama wewe ulishindwa kumsikia, ungeziba masikio yako. Mbona umeziba na yangu?"

Hapo nilimwona Hiza akielewa alichokifanya. Alitazama mashine yake, akatazama pipa la taka ambamo zile CD zilikuwa zimetupwa zamani.

"Kwaluguru," akasema. "Kwaluguru bado yupo."

Nikaita kwenye redio, nikaita tena, kimya. Kule waliwasha redio asubuhi tu ili betri isiishe. Tukaingia kwenye pikapu ya umoja, Hiza akiendesha, Catherine katikati, mimi mlangoni. Mimi nilikuwa naomba jambo moja tu, yule mzee aendelee na ukaidi wake.

Tulimkuta ameketi mbele ya mashine, amenyooka, CD mkononi. Skrini ilikuwa ya toleo jipya, ina ng'ombe wake.

"Nimemaliza, baba," akamwambia Hiza. "Ulisema nawarudisha nyuma wenzangu. Nikaona aibu. Nimefuata kila ulichoagiza."

Hiza aliitazama ile skrini. Akageuka, akatoka, akaenda kuegemea pikapu na kutupa mgongo.

Catherine akamwamkia mzee, kisha akamwambia kwamba mtoto yule alikuwa wake, na kwamba ni marehemu. Mzee Koisaba akaiweka CD chini polepole.

"Mzee wangu," Catherine akasema, "alikuwa anakuamkiaje hapa? Naogopa nitasahau."

Sasa, mtu mzima hamwamkii kijana. Hilo hata mlevi hakosei. Na kwa Wamasai kama yeye mtoto ndiye anayemwinamishia mkubwa kichwa, ili aguswe utosini. Mzee Koisaba akasimama, akaiacha fimbo yake ukutani, akainama mbele ya mwanamke ambaye angeweza kuwa mjukuu wake.

"Shikamoo," akasema. Akalivuta mwishoni, halafu akavuta pumzi, ileile, ya mtu anayejizuia kucheka.

Catherine akaweka mkono juu ya zile mvi, akauacha hapo.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Nililia, sioni haya kusema. Nje Hiza alikuwa bado ametupa mgongo.

Tulipokuwa tunarudi, tumeshaipita Handeni mjini, ndipo Hiza alipopata sauti. Akauliza mzee alisema nini mle ndani baada ya yeye kutoka.

Catherine alikuwa anatazama barabara.

"Alinisalimia tu," akasema.