Baba aliyemkatalia nahodha safari

Juzi, stesheni ya Tabora, nilikaa jirani na baba aliyekuwa akimsindikiza binti yake aliyekuwa akienda chuoni. Baba alikuwa akicheza kwenye simu mchezo wa anga ambao mchezaji humwamulia nahodha la kufanya.

"Mchezo mbaya huu," alinung'unika. "Unataka nahodha aihame sayari yake. Nimekataa mara tatu."

"Sasa baba, asipopanda chombo hadithi itaendeleaje?" binti aliuliza. "Mimi naupendea hapohapo."

Treni ikaingia. Baba alimbebea begi mwenyewe, akampandisha, akapunga mkono hadi behewa la mwisho lilipopita. Aliporudi kwenye benchi alibonyeza simu, nahodha akaruka.

"Mchezo unauonaje sasa?" nikamuuliza.

"Subiri kwanza," akasema akitabasamu, macho kwenye kioo. "Kumbe huku mbele kuna sayari nyingi hivi!"