Jina Nililolitoa Daftarini

Ipo siku moja ambayo haijanitoka moyoni hadi leo, mwanangu. Kaa nikusimulie, maana wiki ijayo unaanza kazi ya uuguzi, na haya hukufundishwa chuoni.

Nilikuwa muuguzi katika kituo kimoja cha afya huku kwetu Mtwara, miaka ile dawa za kupunguza makali ya ukimwi zilipoanza kutufikia. Sikuwa nimefika hata arobaini, na mdomo wangu haukuwa na komeo. Asubuhi hiyo, nikiandika daftari la wagonjwa wa dawa hizo, nikaliona jina la Mzee Nandonde, mhudumu aliyetupigia deki wodini. Saa nne tukakaa kunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Nikashusha sauti: "Jamani, kumbe hata Mzee Nandonde yumo."

Basi. Neno moja tu. Ulimi hauna mfupa.

Kesho yake kikombe cha mzee kilikuwa kimetengwa. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja alijikuta tu hakishiki. Tangu hapo akawa anakunywa chai peke yake, nyuma ya jiko.

Miongoni mwa tuliokuwa mezani alikuwamo Somoe, muuguzi mwenzangu na shoga yangu wa Magomeni ya hapahapa Mtwara. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wajawazito: "Pimeni mapema, mama zangu, dawa zipo." Mwaka uliofuata akaanza kukonda, sare ikawa inamning'inia. Akiulizwa, husema vidonda vya tumbo. Nilipomshauri apime, alicheka kidogo.

"Nikapime wapi, dada? Mtu wa maabara tunakula naye. Na siku ya kliniki nikakae benchi moja na watu ninaowachoma sindano?"

Akataka kwenda Lindi, asikojulikana. Alipoomba ruhusa, mkuu wa kituo akamwambia wauguzi tuko watatu tu, asubiri. Akasubiri. Ruhusa ilipotoka, nguvu za safari hazikuwepo tena.

Nikawa nakwenda kwao kumwogesha. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikalia: "Mbona hukuniambia hata mimi, Somoe?"

Akanitazama, bila hasira. "Nilikuwepo siku ile ya chai, dada."

Wiki ile haikwisha, Somoe akatutoka. Matangani watu walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliinamisha kichwa. Hawakujua ni nani aliyemfundisha kuficha.

Arobaini ilipopita nilimfuata Mzee Nandonde shambani kwake, akipalilia mikorosho. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Akaliweka jembe chini.

"Nilijua tangu siku ile kuwa ni wewe, binti yangu. Nimeshakusamehe. Dawa nameza, na nguvu za kulima ninazo, unaona mwenyewe. Lakini msamaha wangu haumfufui mwenzio."

Akalishika jembe, akaendelea. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, na sidhani kama nimemaliza.

Husemwa mganga hajigangi. Ni kweli, mwanangu, lakini mara nyingine waganga wenzake ndio waliomzibia njia. Jina utakalolisoma daftarini liache humohumo. Usilipeleke kwenye chai, wala kwa mumeo chumbani. Na ukiwa wewe ndiye unayeumwa, usiionee haya sare yako. Mwili uliomo ndani yake ni wa binadamu kama wengine. Nenda mapema. Ukimwona mwenzio anakonda, usimuulize mbele za watu. Mchukue pembeni, msindikize hata kama ni mbali, na ukishindwa kumsindikiza, basi mshikie zamu yake aende. Mimi sikumshikia Somoe hata zamu moja.

Haya, inuka. Mola akujaalie mkono mwepesi wa sindano na kinywa kizito cha siri, na kila atakayekuamini na maradhi yake aondoke kwako na heshima yake. Amina.