Dirisha Juu ya Silinda

Baba yangu alikuwa fundi wa kusikiliza. Kwetu Rongai, mwenye trekta inayokohoa au pikipiki isiyopanda mlima alimletea Baba kabla ya kumpelekea mtu yeyote mwenye spana. Baba alichukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha yake kwenye injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Akimaliza alikuambia ni vali, au ni beringi, na ukifungua ulikuta ni hivyo hivyo. Tulijivunia sikio lile kuliko shamba.

Injini yake mwenyewe ilikuwa ya petroli, kuukuu, ya silinda moja, iliyoachwa na mzungu kwenye shamba ambalo babu yangu alikuja kupata kipande chake. Iliendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Kila msimu wa mavuno majirani walipanga magunia nje ya banda letu, na Baba akasimama katikati ya vumbi na makelele bila kuziba masikio kwa chochote, miaka nenda miaka rudi. Masikio yaliishia hapo. Sisi watoto hatukuyaona yakiisha, maana alijua kuitikia kwa kichwa na kucheka wengine wakicheka.

Mwaka juzi, mavuno yakiwa yamepamba moto, injini ilianza kugonga ndani, chuma kwa chuma. Mimi nilikuwa Nakuru, kwenye kibanda changu cha kutengeneza mabango ya maduka, kwa hiyo haya nilisimuliwa. Wanasema iligonga tangu asubuhi. Watu walikuwa foleni na magunia yao, wakitazamana. Kila mmoja alijiambia kwamba kama fundi hajaizima, basi fundi ana sababu zake. Nani angethubutu kumwambia mtu yule kwamba injini yake inalia vibaya? Ingekuwa kama kumfundisha padri kusali. Waliinyamazia kwa heshima mpaka beringi ikayeyuka na injini ikakwama.

Baba alitazama gurudumu lisilozunguka. Kisha akatazama nyuso za watu, akaona kwamba walikuwa wanajua mchana kutwa. Alifunga banda siku hiyo na hakulifungua tena.

Mimi sijawasamehe. Najua ilikuwa heshima, lakini heshima ya namna ile humwacha mtu peke yake.

Kliniki walimpa kifaa cha masikio. Alikivaa kidogo, akakirudisha kwenye boksi lake akisema sikio la kufa halisikii dawa, akacheka mwenyewe. Alijifunza kusoma midomo ukiongea polepole, lakini akichoka alifumba macho tu, na hapo mazungumzo yaliisha utake usitake. Nilipeleka beringi Nakuru ikatengenezwa, injini ikaunganishwa upya. Baba hakutaka hata kuiona.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nilimwambia.

"Mimi siwezi endesha kitu sisikii," alijibu. "Nitajuaje inaumwa?"

Nilikasirika. Mimi nikikataliwa jambo hukasirika kwanza, kufikiri huja baadaye. Niliporudi kazini nikakumbuka video niliyokuwa nimeiona kwenye simu, ya watu wa mbali waliotoa kifuniko cha chuma juu ya injini ya zamani wakaweka kinachoonyesha ndani. Injini kama yetu vali zake ziko chini, kando ya pistoni. Juu kuna kifuniko bapa tu na plagi. Na plastiki nene inayoonyesha kama kioo ndiyo kazi yangu. Nilikata kipande, nikatoboa matundu ya bolti na la plagi, nikakisugua mpaka kikang'aa.

Nilikwenda nyumbani Jumamosi. Nilifunga kifuniko changu, nikaziba madirisha ya banda kwa magunia ili kuwe na giza. Mama aliketi mlangoni. Baba aliingia shingo upande.

"Hii ni nini umeweka? Hii haiwezi kaa, mami," aliniambia. Mimi binti yake aliniita hivyo tangu utotoni.

"Haikai, Baba. Ni ya dakika chache tu. Angalia."

Nilizungusha mkono wa kuwashia mpaka ikashika. Chini ya plastiki pistoni ilipanda, cheche ikaruka, na moto ukatanda kutoka kwenye plagi hadi ukingoni, ukazimika, ukaja tena. Ulikuwa wa manjano. Baba aliinama. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kabureta, akageuza skrubu kidogo, na manjano yakawa buluu. Akageuza zaidi, moto ukaanza kuruka mapigo, akairudisha.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ndio hivi imekuwa ikifanya."

Nilifurahi. Niliona kazi imeisha, kwamba Baba amerudi bandani kwake.

Ndipo akauliza, bila kuinua kichwa, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Mama watoto, siku ile iligonga sana?"

Kisha akainua macho kumtazama, na Mama akaitikia kwa kichwa.

"Na wewe ulikuwa hapa."

Mama alitazama mapaja yake, na Baba hakuweza kuusoma mdomo wake. "Niliogopa atajua," alisema. "Nikimwambia inagonga, atajua amekuwa kiziwi. Nikaona heri injini iharibike."

Baba alinigeukia mimi. Nilimpa maneno yale moja moja, mbele ya uso wake. Plastiki ilikuwa imeanza kushika masizi na kupasuka nyufa ndogo, na moto ulionekana kwa shida.

"Nilikuwa najua kitambo," alisema. "Na siku ile, kufika mchana, nilihisi na miguu, simiti ilikuwa inatetemeka vibaya. Lakini ningezima, mngejua sikuwa nasikia tangu asubuhi. Nikaiacha."

Alifunga koki ya petroli. Injini ilizimika, na katika kimya kile Mama akalia kwa sauti, kilio cha kufungulia, kama ambavyo nadhani alikuwa amelia ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu, akijua hasikiki. Baba alikuwa amempa mgongo, akipangusa masizi kwa kidole. Hakugeuka.