Mama Baridi na Tumba Moja la Waridi

Ukitaka kugombana na Mama Baridi, acha mlango wazi. Mengine yote mtaelewana. Ukichelewa kazini atakusamehe, na ukimkanyaga mguu yeye ndiye atakayekuomba radhi. Lakini mlango wa chumba cha baridi ukibaki wazi hata kwa muda wa kupiga chafya, utamsikia kutoka mwisho wa ghala, na ndoo zote za siku hiyo utaziosha wewe.

Jina hilo alibandikwa na wenzake kwenye ghala la maua, alikoanza kazi kabla hajaota mvi hata moja. Maua hufika pale kutoka mashambani yakiwa yamechoshwa na safari, na kazi yake ni kuyarudishia uhai kabla hayajapelekwa madukani. Huyakata mashina mshazari kwa kisu kikali, ncha ikiwa ndani ya maji, ili hewa isiingie ikaziba njia ya kunywea. Majani ya chini huyanyofoa yasije yakaozea majini. Ndoo huzisugua kana kwamba kuna mtu atakayezinywea chai. Majini hutia sukari kidogo ya kuyalisha maua na klorini kidogo ya kuua vijidudu, kisha yote huingia kwenye baridi na mlango hufungwa. Ua likiwa limefumba, moyo wake umetulia. Likianza kufumbuka kabla halijauzwa, hulipa kisogo, na siku nzima hujiona mzembe.

Basi mtu huyu, mwenye kujua yote hayo, ndiye aliyevuruga ua moja tu aliloombwa na mama yake mzazi.

Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikwisha kufa zamani kwa ugonjwa mwingine, na hili la kulia lilifunikwa polepole mpaka akawa anawatambua watoto wake kwa sauti na kwa namna wanavyoburuta viatu. Walimbembeleza mno ndipo akakubali kupasuliwa, na alipokubali akatoa sharti. Siku ya kufunguliwa bandeji aletewe ua la mwaridi aliopanda marehemu mumewe kando ya ukuta wa nyumba. Harufu yake ameisikia miaka yote hii ya giza, alisema, kama mtu anayesikia wenzake wakila chumba cha pili.

"Nisipoliona hilo," alimwambia binti yake, "nitajuaje kama naona kweli au mnanidanganya?"

Alisema huku akicheka. Mama Baridi hakucheka. Daktari alikuwa amewaeleza kwamba jicho lenyewe limechakaa, kwamba atajitahidi lakini haahidi kitu, na jicho jingine la kujaribia hakuna. Tangu siku hiyo roho yake ilikuwa juu. Kwa jicho hakuwa na la kufanya, kwa hiyo hofu yote aliihamishia kwenye ua, maana huko alau mikono yake ilikuwa na kazi.

Sasa njoo kwa kaka yake. Huyu kaka mkubwa ana nia njema na mikono ya haraka, na vitu hivyo viwili vikikutana ni balaa. Mama alipolazwa, yeye akaona amtengenezee nyumba kabla hajarudi, akaleta vibarua wachimbe mfereji kando ya ukuta. Mama Baridi alipofika aliukuta mwaridi umelala chini, mizizi juu. Tawi moja tu lilikuwa bado bichi, na kwenye tawi hilo tumba moja, dogo, gumu, lenye wekundu kwenye ncha tu. Kaka akajitetea kwamba yeye aliona miiba, hakuona waridi. Mama Baridi akatoa kisu chake.

Alilikata tumba, akalitia kwenye chupa ya maji safi, na hapo ndipo alipokosea. Tumba changa namna ile lilitaka joto na mwanga wa kulikomaza. Likitiwa baridi kali mapema, waridi huweza kugoma kabisa, likafa limefumba, shingo imeinama, bila kumwonyesha mtu uso wake. Angekuwa mtu mwingine, Mama Baridi angemwambia hayo kwa ukali. Lakini upasuaji ulikuwa umekaribia, alikuwa na woga, na mtu mwenye woga hufanya kile alichozoea. Akalipeleka kwenye chumba cha baridi, akafunga mlango.

Kisha upasuaji ukaahirishwa. Presha ya mama ilikuwa imepanda, wakaambiwa wangoje ishuke. Iliposhuka, ikapanda tena. Baada ya kila simu Mama Baridi alikwenda kuitazama chupa kwenye kona yake, kama vile jicho la mama limo humo. Msimamizi wa ghala, mwanamke asiyekosa neno, alimwambia kwamba hata mtoto mchanga haangaliwi hivyo, atalimaliza ua kwa kulikodolea macho. Wenzake walicheka. Yeye alijilazimisha kucheka pia, na kisu kikamponyoka hata akajikata kidole, jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka kumtokea kabla ya hapo.

Mama alikuwa akiuliza kwa simu, "Ua langu lipo?"

"Lipo, mama. Limetulia."

Na kweli lilikuwa limetulia. Utulivu huo ndio uliokuwa unamtisha.

Hatimaye mama akapasuliwa. Bandeji ingefunguliwa kesho yake asubuhi. Mama Baridi alilitoa ua kwenye baridi akaenda nalo nyumbani, akakata tena ncha ya shina ndani ya maji, akalisimamisha kwenye maji ya uvuguvugu, akalifunga gazeti kuizunguka shingo lisiiname. Alipolifungua gazeti kulipokucha, tumba lilikuwa vilevile, limekaza kama ngumi, na gazeti lilipoondoka shingo ikalegea kidogo upande. Maji yalimfika shingoni yeye pia.

Alipita ghalani njiani. Msimamizi, ambaye safari hii hakutania, alimchagulia waridi jekundu zuri lililoanza kufumbuka, akamwambia amchukulie mama hilo. Atajuaje? Jicho jipya litajua waridi lipi na lipi? Mama Baridi alilishika, na nusura alichukue. Kisha akalinusa. Maua yale ya shamba yanapendeza, lakini harufu hayana, na mama yake alikuwa ameishi na lile la ukutani kwa pua. Akamrudishia, akamshukuru, akaondoka na chupa yake.

Kaka alikuwa amemtangulia kwenye benchi la korido ya kliniki, na mfuko wa ndizi mbivu mapajani, zawadi ya mgonjwa. Mama Baridi alimhamishia mwisho wa benchi. Ndizi mbivu hutoa hewa inayozeesha maua, alimweleza, na kaka akauliza kama na yeye azuie pumzi. Kisha muuguzi akaja kumwita, akaiona chupa, akasema kwa adabu kwamba maua hayaingii chumba cha macho. Ikabidi alikabidhi kwa kaka, yule yule wa mfereji. Akamwapisha asiliguse, asilisogeze, wala asilisaidie kwa lolote.

Ndani, mama alikuwa ameketi wima kama mtu anayepigwa picha. Mama Baridi alimshika mkono. Muuguzi alibandua bandeji, akapangusa jicho taratibu, na daktari akainua vidole mbele yake akamuuliza anaona nini.

Mama alinyamaza. Kope zilipigapiga, jicho likatokwa na maji. Mama Baridi aliomba kimoyomoyo, bila mpangilio, akichanganya maombi ya jicho na ya ua.

"Vitatu," mama alisema. "Na kucha zako ndefu, daktari."

Daktari alicheka mpaka akaweka mkono chini. Mama hakuwa na habari naye tena. Alikuwa amegeuka, anamtazama binti yake, uso, kichwa, mpaka kile kidole kilichofungwa kitambaa.

"Una mvi," alisema. "Tunaongea kila siku, mbona hukuniambia?"

Mama Baridi alilia hapo hapo, bila aibu.

Furaha hiyo ilimfikisha mlangoni tu, maana nje kulikuwa na chupa. Kaka alikuwa hajaligusa ua, alikaa mbali nalo kama linauma. Mama alipotoka akauliza ua lake liko wapi.

"Mama, nimeliharibu," alisema Mama Baridi. "Nililitia baridi likiwa changa. Limefumba, na huenda lisifumbuke. Na mwaridi wenyewe umeng'olewa, hakuna jingine."

Kaka aliinamia ndizi zake. Mama aliomba chupa, akaisogeza karibu na jicho lake, akaizungusha polepole. Alinusa. Akaitikia kwa kichwa kwamba ndilo.

"Lingekuwa limeshachanua ningeliona mara moja nikamaliza," alisema. "Sasa nitakaa nalo nilione likifumbuka. Kwani wewe kuyaona yakifumbuka si umezoea?"

Maisha yote ya kazi ya Mama Baridi yalikuwa ya kuyazuia maua yasifumbuke. Yaliyofumbuka aliyapa kisogo. Hakuwahi kukaa akalitazama ua moja mpaka likachanua, si mara moja.

"Hapana, mama," alisema. "Sijawahi."

Walirudi nyumbani kwa mama, wakaiweka chupa mezani karibu na dirisha, penye mwanga na joto. Kaka alitoka kwenda kuangalia mfereji wake, akaacha mlango wazi, na hakuna aliyemwita arudi aufunge. Wawili wale walikaa. Mama Baridi aliitazama ile shingo iliyolegea, akaogopa, akainuka kubadilisha maji yasiyohitaji kubadilishwa, akaketi tena. Jua lilihama kutoka ukutani likafika mezani.

"Hilo hapo," mama alisema.

"Wapi?"

"Jani la ua, lile la nje kabisa, upande wangu. Limeachia."

Mama Baridi aliinama, akakodoa macho yake mawili, na hakuona kitu. Mama alimshika kidevu kama zamani alipokuwa mtoto, akamgeuza uso taratibu mpaka naye akaliona.