Baba Mkwe Aliuza Pikapu Akijua Breki ni Mbovu, na Shahidi ni Mimi

(Aliyetuandikia ameomba jina lake na la kijiji chake yafichwe.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeolewa huku Tarime, upande wa Susuni, na nina watoto wawili. Naandika kwa haraka, maana wiki ijayo natakiwa mahakamani na sijui nitasema nini.

Baba mkwe alikuwa na pikapu ya zamani ya kupelekea mihogo na mahindi mjini. Mwaka jana mtoto wangu mdogo alishikwa na homa kali, baba akatupeleka hospitali kwa gari hilo. Kwetu mkamwana haketi karibu na baba mkwe, kwa hiyo nilipanda nyuma kwenye magunia, nimempakata mtoto. Tulipoanza kushuka mteremko gari likazidi kukimbia. Nikamsikia baba akipaza sauti, "Mshike mtoto!" Akakata kona, gari likaingia shamba la mtama, likagonga kichuguu, likasimama. Alishuka akakaa chini, jasho linamtoka, akasema, "Nilijua breki hizi zitaniua." Hakuwa anasema nami, lakini nilisikia.

Vipuri madukani hakuna, sote tunajua. Hakutengeneza kitu. Alinyoosha bampa, akapaka rangi, akamuuzia mkulima mmoja wa kijiji cha ujamaa kule Serengeti. Siku mgeni huyo alipokuja nilikuwa napeleka chai. Aliuliza, "Mzee, breki zinashika?" Baba akajibu, "Hata ukijaza magunia mpaka juu." Niliweka vikombe nikatoka. Mkamwana haingilii mazungumzo ya wazee.

Haukupita muda mrefu gari likapinduka, mke wa yule bwana akiwa ndani. Amekatwa mguu. Mumewe akafungua kesi, na baba akajitetea kwamba mnunuzi alilikagua mwenyewe akaridhika. Mume wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia hakimu alivyosema: "Kununua gari kuukuu ni hiari yako. Lakini muuzaji akijua ubovu wa kuua mtu, akaulizwa, akauficha, sheria haitamkinga. Je, huyu mzee alijua? Nani atathibitisha?"

Ndipo watu waliotusaidia kulisukuma gari litoke kwenye mtama siku ile wakamwambia yule bwana kwamba nyuma kulikuwa na mwanamke na mtoto. Tarishi wa mahakama akaniletea wito.

Baba mkwe hajawahi kuja jikoni kwangu, kwetu ni mwiko. Juzi alisimama mlangoni. Sikuinua uso. "Mkamwana," alisema taratibu, "siku ile ulikuwa nyuma. Mtu wa nyuma hasikii ya mbele." Akaondoka. Ugali uliungua na mimi bado nimesimama palepale.

Mume wangu naye ameniambia, "Ukimtaja baba, utarudi kwenu." Nikirudi, ng'ombe wa mahari watadaiwa, na kaka yangu aliwatumia kuoa. Mke wake ni mjamzito. Watoto wangu ni wa ukoo wa huku, hawataondoka nami.

Lakini mimi ni Mkristo. Nishike Biblia niape kwamba sikusikia? Yule mama aliyekatwa mguu nilionyeshwa mnadani, anatembea kwa magongo. Hanijui. Aliponiona nimebeba mtoto alisogea pembeni akanipisha.

Jana jioni mama mkwe alikuja akakusanya nguo za watoto. Sasa wanalala kwake. Hakuna aliyeniambia kwa nini, nami niliogopa kuuliza.

Ninyi mnaojua sheria, na ninyi akina mama mnaojua maisha ya ukweni, nishaurini kabla siku haijafika. Nikisimama pale mbele ya hakimu, baba mkwe ananitazama, nifanye nini?